Nyuzi Nane na Mistari Mitano

Litungu la Wakuria lina nyuzi nane. Mandolini nayo ina nyuzi nane, ingawa zimefungwa mbili mbili na kuhesabiwa kuwa nne. Kufanana huku ni kwa bahati tu, na hapana siri ndani yake. Lakini kunatosha kulifungulia mlango swali lililowashughulisha wenye hekima tangu zama za kale, swali ambalo haliwezi kuwa geni kwa mpenzi wa ushairi wa pwani: mtu anayejifunza kutoka katika maandishi, amejifunza kwa nani? Na deni la elimu hiyo, kwa kuwa kila elimu ina deni, analilipa kwa nani?

Swali likiachwa hewani halina faida. Na lishushwe chini, lipewe mahali na mtu. Mahali pawe Nyansurura, katika mkoa wa Mara, upande wa wilaya za Tarime na Serengeti. Na mtu awe kijana ambaye hana haja ya jina, kwa kuwa ni mfano tu, si habari ya mtu aliyeishi.

Kijana huyu amekua akilisikia litungu. Ala hiyo ina mwili wa mbao uliochongwa na kuwambwa ngozi, na mikono miwili inayobeba kijiti cha juu ambako nyuzi hufungwa. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za mnyama. Siku hizi aghalabu ni za nailoni. Mpigaji huketi na ala yake, akapiga na kuimba mwenyewe, na watu wakamwitikia. Kijana hakupewa karatasi yoyote ya kumfundisha. Aliketi karibu na mzee mpigaji, akavitazama vidole vyake, akasikiliza, akaigiza, akakosea, akachekwa, akasahihishwa. Miaka ikapita, na siku moja vidole vikajua pa kwenda kabla mwenyewe hajafikiri. Ukimuuliza amefundishwa na nani, hasiti: atakutajia mzee huyo, na pengine aliyemfundisha mzee huyo.

Kisha kijana akaenda Mwanza kutafuta maisha, na huko akaipata mandolini, pamoja na kitabu cha mazoezi. Mandolini si mgeni kabisa kwa Waswahili, maana katika taarabu ya pwani imewahi kupigwa kando ya udi na fidla. Nyuzi zake hutegwa kama za fidla: soli, re, la, mi, kutoka nzito kwenda nyembamba. Lakini kitabu alichokipata kijana hakikuwa cha taarabu. Kilikuwa cha muziki ule wa Ulaya unaoitwa wa kale, nao hausikilizwi kwanza ukapigwa, husomwa kwanza.

Akakifungua, akaona mistari mitano imelala, na juu yake vidoto vyeusi na vyeupe, vingine vina mikia, vingine vimefungwa pamoja kama samaki katika utungo. Akaambiwa na kitabu kwamba uzi wa mi ukipigwa bila kubanwa ndio kidoto kinachokaa katika nafasi ya juu kabisa baina ya mistari. Uzi wa la, nafasi ya pili kutoka chini. Uzi wa re, chini tu ya mstari wa mwanzo. Na uzi wa soli umeshuka chini ya mistari yote, hata ikabidi kuuongezea vijistari viwili vidogo ili upate pa kuning'inia. Akaambiwa tena kwamba kidoto cheupe chenye mkia ni mapigo mawili, cheusi ni pigo moja, na kwamba hata kimya kina alama zake na lazima kihesabiwe.

Hapo ndipo aibu ilipomwingia. Mtu aliyeweza kupiga litungu usiku kucha, watu wakasahau usingizi, sasa anashindwa na wimbo wa kitoto wenye vipimo vinane. Jicho linatafuta kidoto, akili inahesabu mistari, kidole kinatafuta mahali, na wakati hayo matatu yanatafutana pigo limekwisha pita. Akiongeza mwendo anakosea; akipunguza, wimbo unakufa. Masikio yake, ambayo ndiyo mali yake kubwa, yanamponza zaidi: akiusikia wimbo mara mbili huukamata kichwani, na tangu hapo hasomi tena, anajifanya kusoma. Macho yako kwenye karatasi lakini vidole vinafuata kumbukumbu. Akigeuza ukurasa na kukuta wimbo asioujua, anarudi kuwa kama hakujifunza lolote.

Wengi waliokwisha pata ujuzi kwa sikio huachia hapa, na si kwa uvivu. Mtoto anapoambiwa kwamba hajui, hapotezi kitu, kwa sababu hajawa na kitu. Mtu mzima mwenye ujuzi akikubali kuwa mwanafunzi wa mwanzo, anaweka chini heshima aliyoichuma kwa miaka. Unyenyekevu wa namna hiyo ni tendo la maadili kabla haujawa jambo la muziki. Nao una hatari zake: anayeinama mno mbele ya kitabu huanza kuamini kwamba alichokuwa nacho awali hakikuwa elimu.

Ili kupima kama imani hiyo ni ya haki, ni vyema kujua mistari hiyo ilitoka wapi. Takriban miaka elfu moja iliyopita alikuwako huko Italia mtawa aliyeitwa Guido, ajulikanaye kwa jina la mji wa Arezzo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana nyimbo za ibada. Nyimbo zilikuwa nyingi, na kila moja ilipaswa kuingizwa kichwani kwa kuimbiwa na mwalimu na kurudiwa na mwanafunzi. Guido aliona kwamba mwanafunzi angeweza kumaliza miaka kumi katika kazi hiyo na bado asiweze kuimba kwa nguvu zake mwenyewe wimbo mmoja ambao hajaimbiwa. Akapanga alama za sauti juu ya mistari, kila mstari na kila nafasi na sauti yake. Hiyo mitano inayotumika leo ilikamilika baada ya zama zake. Akazipa sauti majina mafupi aliyoyachota katika mianzo ya mishororo ya wimbo mmoja wa dini, na majina hayo ndiyo wazee wa do, re, mi za leo.

Guido mwenyewe alisimulia katika waraka wake kwamba Papa Yohana wa 19 alimwita Roma, akaitazama kazi hiyo kwa mshangao, na hakuinuka mpaka alipoweza kuimba mwenyewe ubeti mmoja ambao hakuwahi kuusikia. Lakini alisimulia pia kwamba watawa wenzake walimwonea kijicho, naye akaondoka katika nyumba yao. Waliomchukia hawakuwa wajinga. Waliona sawasawa kwamba mistari ile imevunja kufuli. Kabla yake, aliyetaka wimbo alimwendea mwenye nao, akaketi mlangoni pake, akamtumikia. Baada yake, aliweza kuuchukua wimbo kutoka kwa mtu asiyemjua, aliye mbali, au aliyekwisha fariki.

Kijana wa Nyansurura naye amefunguliwa kufuli hiyo hiyo. Mwaka 1796 Beethoven, akiwa Prague, aliandika vipande vidogo vya mandolini kwa ajili ya mwanamke mmoja wa ukoo wa makabaila, Josephine Clary, aliyekuwa mpigaji wa ala hiyo. Vipande vile vilikuwa kama barua ya mtu kwa mtu. Aliyeandika amekufa, aliyeandikiwa amekufa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliwaza Ziwa Nyanza. Hata hivyo kijana, baada ya mwaka wa taabu, anaweza kuifungua barua hiyo chumbani kwake Mwanza na kuisikia ikisema. Hakuomba ruhusa ya mtu, wala hakuna wa kumnyima. Huo ni uhuru mkubwa, na anayeudharau hajawahi kukaa mlangoni mwa mwalimu mchoyo.

Wala uhuru huo si jambo la Ulaya peke yake. Katika makanisa ya Mara, kama ilivyo katika makanisa mengi ya Tanzania, kwaya zimejifunza nyimbo zao kwa solfa, zile herufi za d, r, m zinazoandikwa juu ya maneno. Njia hiyo ilianzishwa Uingereza katika karne ya 19 na mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, ikaenezwa na John Curwen, na wamisionari wakaieneza Afrika. Mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, aliyeandika nyimbo zake kwa solfa, alitunga mwaka 1897 wimbo ulioanza kwa kuimbwa na wanafunzi, na yeye akafariki mwaka 1905. Sauti za wimbo huo ndizo Watanganyika walizozisimamia wima mwaka 1961 walipopata uhuru, na ndizo Watanzania wanazozisimamia leo kwa maneno ya Kiswahili. Karatasi iliusaidia wimbo kusafiri; lakini mtoto wa shule Nyansurura, au Wete, au Makunduchi, hakuupokea kwa karatasi. Aliupokea kwa sikio, asubuhi, katika mstari wa gwaride, kutoka kwa wenzake waliomzunguka.

Kwa hiyo si haki kulifanya jambo hili kuwa ugomvi wa karatasi na sikio, ya kwanza ya wageni na la pili la wenyeji. Swali liko kwingine, na aliyeliuliza kwa ukali alikuwa Plato. Katika kitabu chake kiitwacho Faidros anasimuliwa mfalme wa Misri, Thamus, aliyeletewa zawadi ya herufi na aliyezivumbua. Mvumbuzi alidai kwamba herufi zitaongeza kumbukumbu. Mfalme akamjibu kinyume chake: watu watayategemea maandishi yaliyo nje yao, wataacha kuikuza kumbukumbu iliyo ndani yao, nao watajiona wana hekima ilhali wana sura yake tu. Mzee wa litungu, lau angeambiwa habari ya mfalme huyo, angetikisa kichwa kwa kukubali. Mbele yake amekaa kijana aliyewahi kuwa na nyimbo mia kichwani, na sasa hawezi kuanza kabla hajatandaza karatasi.

Visiwani kuna ushahidi wa kumwunga mkono Thamus. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, hakusomeshwa shule wala hakujua kuandika. Alichokuwa nacho ni sikio na sauti. Kwa vitu hivyo viwili aliimba kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay wakarekodi santuri zilizosikika pwani nzima. Hapana anayeweza kusema kwamba Siti alikosa elimu ya muziki kwa kukosa kusoma. Mizani yote aliibeba mwenyewe, mapito yote aliyapima mwenyewe, na alipofariki mwaka 1950 aliondoka na mambo ambayo hakuna karatasi ingeweza kuyashika.

Lakini hiyo hiyo "aliondoka na mambo" ndiyo inayomgeuka Thamus. Kumbukumbu iliyo ndani ya mtu huzikwa na mtu. Mfano mzuri zaidi wa hili uko Mombasa. Muyaka bin Haji, anayehesabiwa kuishi tangu 1776 hadi 1840, alitunga mashairi yaliyokaa midomoni mwa watu. Hakuyapiga chapa, na baada ya kifo chake yangeweza kuteketea kwa mshairi mmoja baada ya mwingine aliyeyahifadhi kufariki. Yaliokolewa kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mtu wa Mombasa, aliyakusanya kutoka katika kumbukumbu za watu na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha huko Johannesburg katika diwani. Lau Mwalimu Sikujua angeridhika na fahari ya kumbukumbu, leo Muyaka angekuwa jina tu.

Na bado haikuokoka kazi nzima. Shairi la Kiswahili lilitungwa kwa kuimbwa, na diwani imeyapokea maneno: vina viko, mizani iko, nane kwa nane. Sauti ya Muyaka mwenyewe ilivyopanda na kushuka, mahali alipovuta na mahali alipokata, haimo. Msomaji wa leo huweka mahadhi yake juu ya maneno ya Muyaka, akafurahi, na hafanyi kosa. Ila asidhani kwamba amemsikia Muyaka.

Tena maneno yenyewe yalipoandikwa kwa herufi za Kiarabu hayakuwa kamili kwa kila jicho. Kiarabu kina irabu fupi tatu, na Kiswahili kina tano. Dhumma moja ilibeba u na o, kasra moja ikabeba i na e. Neno lililoandikwa kwa kafu mbili zenye dhumma laweza kusomwa kuku, na laweza kusomwa koko. Aliyelijua Kiswahili hakupata shida: sikio lake lilimwambia ni lipi. Asiyekijua alikwama. Yaani maandishi yale yaliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana lugha ndani yake. Hayakukusudiwa kuchukua mahali pa sikio, yalikusudiwa kulikumbusha.

Nota za mistari mitano ziko vivyo hivyo, ingawa sura yake ya hesabu huwadanganya wengi wakadhani zimesema kila kitu. Mandolini ina tabia moja: sauti ya uzi wake hufa upesi. Ukipiga mara moja, imekwisha kabla pigo la pili halijafika. Basi penye sauti ndefu mpigaji hurudisha risha juu na chini kwa haraka, uzi ukatetemeka bila kukoma, sauti ikadumu kama ya mwimbaji. Wapi atetemeshe na wapi auache uzi ufe? Pengine mwandishi ameweka alama. Pengine hakuweka, kwa sababu wapigaji wa zama zake walijua. Kijana anayesoma peke yake atapiga vidoto vyote kwa usahihi, na wimbo utatoka kama maneno ya kuku yaliyosomwa koko.

Likija jambo la sauti zenyewe, upungufu ni mkubwa zaidi. Shingo ya mandolini imekatizwa vijiti vya chuma, na kila kijiti ni nusu ya sauti. Baina ya kijiti na kijiti hapana kitu. Mpigaji wa udi, ambao shingo yake ni laini, anaweza kukaa katika sauti zilizo baina, zile zinazoipa maqamu ya rasti au bayati ladha yake. Mpigaji wa litungu naye hutega nyuzi zake kwa kulifuata sikio na kwa kuifuata sauti yake ya kuimbia. Karatasi ya mistari mitano na shingo ya mandolini zinapatana sana, kwa sababu zilikua pamoja; ndiyo maana yule anayejifunza kwa hizo mbili tu anaweza kufikia hatua ya kuzisikia sauti za kwao kuwa ni makosa. Hapo ndipo penye hasara ya kweli. Mwanafunzi anapoanza kuusahihisha utoto wake kwa rula ya kitabu, elimu imegeuka kuwa uasi, na aghalabu mwenyewe hana habari.

Pana atakayesema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa sababu siku hizi kila mtu ana simu ya kunasia sauti. Mzee apige, simu inase, kijana asikilize, mambo yaishe. Hoja hii ina uzito. Santuri za Siti zimehifadhi kile ambacho hakuna nota ingehifadhi. Lakini kunasa sauti kuna tabia yake pia. Kunashika mara moja kati ya mara elfu: siku ile, koo lile, na hata mafua ya siku ile. Anayejifunza kwa hiyo peke yake hujifunza kuiga mpaka kikohozi. Karatasi, kwa kuwa inasema machache, inamwachia msomaji kazi ya kuamua, na katika kuamua ndimo anamoonekana yeye ni nani. Basi kimoja kinahifadhi alichofanya mtu, na kingine kinahifadhi alichokusudia kifanyike. Mrithi mwenye akili huvitaka vyote viwili, na bado huutafuta uhai wa mtu mwenyewe wakati angali hai.

Njia hii ya kuvishika vyote imejaribiwa Zanzibar. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kuanza masomo katika jengo la Forodha ya zamani huko Mji Mkongwe, kilifundisha taarabu kwa nota na kwa kukaa na mabingwa. Mwanafunzi aliweza kuusoma wimbo, na aliweza kumsikiliza mzee aliyeupiga kabla yeye hajazaliwa. Penye kupishana kwa karatasi na mzee, mwanafunzi alipata fursa ambayo msomaji wa peke yake hana: kuuliza.

Na sasa arudishwe kijana nyumbani. Amerudi Nyansurura kwa likizo, na mandolini yake mgongoni. Mzee wake wa litungu amezeeka, vidole vimeanza kukakamaa. Kijana anampigia kile kipande cha Prague, macho yakiwa kwenye karatasi. Mzee anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza: "Mwanangu, huyo aliyekufundisha anaitwa nani?" Kijana anajibu kwamba hakufundishwa na mtu, amesoma. Mzee anatazama karatasi, haoni mtu, ananyamaza.

Jibu la kijana linaonekana la ukweli, lakini si la haki. Alifundishwa. Alifundishwa na mtunzi aliyeandika, na watawa waliobishana juu ya mistari, na wachapaji, na mwandishi wa kitabu cha mazoezi. Na zaidi ya hao alifundishwa na mzee aliyeketi mbele yake, maana bila ya sikio alilolinoa katika litungu asingetambua kwamba vidoto vile ni wimbo. Karatasi humpunguzia mtu haja ya kuwa mbele ya mwalimu, haimpunguzii deni. Inalifanya deni lisionekane, na deni lisiloonekana ndilo rahisi kudhulumiwa.

Ubaya wake hudhihirika siku karatasi inapogeuzwa upande wa pili. Kijana sasa anajua kuandika, na amepata wazo jema: aziandike nyimbo za mzee kabla hazijazikwa, kama alivyofanya Mwalimu Sikujua. Anaandika. Anapofika juu ya ukurasa, mkono unasimama. Katika vitabu alivyosoma, pembeni juu ya kila kipande pameandikwa jina la mtunzi. Hapa aandike nini? Desturi imekwisha mtayarishia neno: "wimbo wa asili". Ni neno la heshima, na mara nyingine ni la kweli, maana nyimbo nyingi zimepita katika vinywa vingi hata hazina mwenyewe mmoja. Lakini mara nyingine ni kaburi lisilo na jina. Beethoven ana jina, na Josephine Clary aliyepelekewa tu ana jina. Ila mzee aliyeubeba wimbo miaka hamsini, akaupinda hapa na kuunyosha pale, anaitwa "asili", na chini yake, kwa herufi zilizokoza, linaandikwa jina la aliyeandika.

Hapo ndipo swali la mwanzo linapopata jibu, kama lina jibu. Deni la elimu iliyotoka katika maandishi hulipwa katika maandishi, na hulipwa pia nje yake. Ndani yake, kwa kumtaja uliyempokea, pamoja na mahali na njia, hata kama yeye mwenyewe hakudai. Nje yake, kwa kuendelea kuketi mlangoni hata baada ya kufuli kuvunjwa. Kwa hiari sasa, maana zamani ilikuwa ni lazima. Heshima ya asiye na njia nyingine ni nusu heshima. Kijana anayeweza kusoma, na bado akaketi kumsikiliza mzee, anampa mzee kitu ambacho wanafunzi wa zamani hawakuweza kumpa.

Kwa upande wake, mzee naye ana wajibu, na si haki kuuficha. Akiuchukia wino kwa sababu unampunguzia wafuasi mlangoni, yu pamoja na wale watawa waliomfukuza Guido kwa kijicho chao. Elimu ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuzikwa nayo.

Basi kijana anaukunjua tena ukurasa wa wimbo wa kwanza. Juu, mahali pa mtunzi, anaandika jina la mzee, na chini ya jina hilo, kwa herufi ndogo, jina la aliyemfundisha mzee, ambalo imembidi aliulize. Anaandika Nyansurura, anaandika mwaka. Jina lake mwenyewe analiweka mwisho wa ukurasa, mahali pa mwandishi. Kisha, kwa kuwa anajua mistari mitano haitaweza kueleza nyuzi zimetegwaje, anaongeza maneno machache kwa atakayesoma siku za mbele: kwamba nyuzi zitegwe kwa kuifuata sauti ya mwimbaji, na kwamba anayeweza kufika amwendee mpigaji amsikilize kabla hajaanza.

Mzee hawezi kusoma kilichoandikwa. Anamwomba amsomee jina lililo juu. Kijana anamsomea. Mzee anayanyamazia majina mawili yale kwa muda, kisha anavuta litungu lake na kumwambia kwamba kipimo cha tatu, kama alivyokipiga asubuhi, hakikuwa sawa.